Mathe Alisema Pole

Majuzi kanisani kwetu alikuja mtaalamu mmoja kutufundisha uongozi wa kazini. Alisema kiongozi mzuri hutumia moyo, na kwamba wafanyakazi wakiona unahisi wanachohisi wao, watakufanyia kazi mpaka ushangae. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekunja mikono kifuani, na mke wangu akanikanyaga mguu, kwa sababu anajua nikikunja mikono hivyo kuna jambo nataka kusema. Sikulisema. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kuanzia kwenye kiwanda cha maboksi kule Viwandani, katikati ya miaka ya tisini, na mwanamke mmoja aliyetuongoza kwa moyo mpaka moyo wenyewe ukamponza.

Wakati huo nilikaa Shauri Moyo, chumba kimoja na mjomba wangu aliyekuwa akichonga vinyago karibu na Gikomba. Asubuhi nilienda kazini kwa miguu kama wengine wote, maana nauli ilikuwa ya watu wenye tai. Pale kwenye lango la kiwanda ungewakuta watu wamesimama tangu kabla ya jua kutoka, wakisubiri kuona kama kuna kibarua. Ulipita katikati yao ukiangalia chini. Kila mmoja alikuwa anatazama ovaroli yako akijiuliza kama ingemtosha.

Sehemu yetu ilikuwa ya kukata na kupiga pini. Makaratasi magumu yalifika yakiwa mapana kama milango, yakakatwa kona kwa mashine, yakakunjwa, yakapigwa pini, yakafungwa kwa kamba na kupelekwa kwenye lori. Wengi wetu tulikuwa vibarua, wengi wao watu wa magharibi ya nchi, na sisi Wakamba wachache tuliotaniwa kutwa nzima. Msimamizi alikuwa mama wa makamo kutoka huko huko magharibi, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyoshinda mashine. Vijana walimwita Mathe, yaani mama, kwa Kisheng chao, na jina likamganda hata meneja akawa anamwita hivyo.

Mathe hakujua kuficha kitu. Akikasirika, hata mlinzi wa lango alijua. Angekutukana asubuhi mpaka ukatamani kurudi kwenu, halafu saa ya chakula anakumegea nusu ya ugali wake bila kukumbuka kwamba mmekosana. Ukichelewa hakuuliza saa ngapi. Aliuliza nani anaumwa. Kibarua mmoja alipofiwa na mtoto, Mathe alikaa naye chini kando ya marundo ya maboksi wakalia pamoja, wote wawili, kwa sauti. Kisha akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, akampeleka mpaka langoni, akarudi akatuambia tumalize kazi ya mwenzetu ili asikatwe siku. Tuliimaliza, na hakuna aliyenung'unika.

Mimi mambo hayo yaliniudhi, niseme kweli. Nimelelewa na mtu anayechonga kutwa bila kusema neno, na niliona kulia kazini ni kama kuoga barabarani. Mathe aliliona hilo siku ya kwanza. Akanipa jina Kinyago. Alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Huyu Kinyago hata akifa itabidi tumuulize kwanza kama amekufa." Watu wakacheka, na mimi nikapiga pini zangu nikiwa nimekasirika, nikimwombea apate homa apumzike nyumbani.

Lakini kazi ilitoka, hilo sibishi. Sehemu nyingine watu walikuwa wagonjwa kila Jumatatu. Kwetu walikuja hata wakiwa wagonjwa kweli, akawa yeye ndiye wa kuwafukuza warudi wakalale. Mtu aliyeharibu boksi alimwambia mwenyewe kabla hajaulizwa. Na jioni, saa ya kutoka, Mathe alisimama mlangoni akamwambia kila anayepita, "Pole na kazi." Mmoja mmoja, hata wale aliowatukana. Hata mimi nilikuwa naitikia, na ingawa ningekana mbele ya hakimu, kuna siku nilichelewesha kuvua ovaroli ili nisipite katikati ya kundi, niambiwe peke yangu.

Sasa ile mashine ya kukata kona ilikuwa na kifuniko cha chuma kilichozuia mkono usifike kwenye kisu. Kikalegea. Fundi akakitoa, akasema ni kwa muda, anasubiri vifaa. Mathe alienda ofisini kuuliza vifaa, akarudi. Akaenda tena. Akaambiwa vimeagizwa. Tulikuwa tukimwona akitoka huko ametoa mdomo kama mtoto aliyenyimwa, anatupa maneno hewani, kisha anakwenda kusimama kando ya mashine hiyo. Mchana, saa zile usingizi unapowashika watu baada ya kula, alisimama hapo mwenyewe akiwaimbia walioshika zamu, "Angalia vidole, mwanangu. Angalia vidole." Uzalishaji ulikuwa hausimami, kwa hiyo mashine nayo haikusimama.

Siku ya ajali alikuwa ameitwa ofisini. Kwenye mashine alikuwa msichana mmoja kibarua, mpole, aliyekaa na kaka yake kule Pipeline, ambako magorofa ya kupanga yalikuwa ndiyo yanaanza kubanana. Mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwake. Sikusikia kelele, nilisikia tu mashine imebadilisha sauti. Nilipogeuka, alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia kwa mshangao, kama mtu aliyesahau kitu dukani. Vidole viwili havikuwepo.

Mathe alifika mbio, na nyuma yake afisa wa wafanyakazi. Alivua kitambaa chake cha kichwa akaufunga ule mkono, akaketi sakafuni akampakata msichana mapajani pake, mtu mzima, miguu imetandazwa kwenye mabaki ya karatasi. Akaanza kumwambia pole. "Pole mwanangu. Pole. Pole sana mama. Pole." Alisema hivyo bila kukoma mpaka gari lilipopatikana, na hata lilipoondoka aliendelea kusema akiwa amesimama peke yake. Sisi wengine tulikuwa kama tumepigwa na umeme. Afisa alikuwa amesimama karibu nami, na alisikia kila nilichosikia.

Kesho yake asubuhi tulikuta kifuniko kimerudi mahali pake. Nati zilikuwa mpya, zinang'aa. Fundi alipita mbele yetu bila kumtazama mtu usoni, na Mathe, ambaye angeweza kulitukana jengo zima, alikigusa tu kile chuma akaenda kukaa.

Baada ya hapo wakaja watu wa bima. Tulielewa bila kuambiwa kwamba kulikuwa na swali moja tu: ni mashine iliyokosa, au ni mtu? Kama ni mashine, kampuni ilikuwa na kesi. Kama ni mtu, mtu huyo angeondoka na kazi iendelee. Mathe alikuwa amebakiza miaka michache tu astaafu, na mume hakuwa naye. Kikao kilipoitishwa nikaitwa kama shahidi, kwa sababu nilikuwa karibu na pia kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne. Niliingia nikiwa na hakika ya kusema juu ya kifuniko, na nilikuwa nimelala nikipanga maneno yangu.

Hawakuniuliza kifuniko. Meneja, ambaye Kiswahili hakukijua, aliuliza kwa Kiingereza msimamizi alisema nini mara tu baada ya ajali. Afisa wa wafanyakazi ndiye aliyejibu. Akasema, alisema sori.

"Alisema sori?" akauliza mtu wa bima.

"Alisema sori. Mara nyingi," akajibu afisa, na yule akaandika.

Huyu afisa alikuwa mtu wetu, mzaliwa wa hapa hapa, alikaa Buruburu. Alikuwa anajua. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mlinzi pole kwa mvua iliyomlowesha, na si yeye aliyeinyesha. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kukwaruza kwamba kwetu pole si kukiri kosa. Mtu akijikwaa barabarani unamwambia pole. Akifiwa unamwambia pole. Akitoka kazini, akipiga chafya, akiwa na mzigo mzito. Meneja alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akaniuliza kama msimamizi alisema pia kwamba kosa halikuwa lake. Nikasema hapana, nani angesema hivyo na mtu anavuja damu mapajani pake? Meneja akanishukuru, akaniambia nimesaidia sana.

Wakamwita Mathe, mimi nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha pembeni. Alikuja amevaa gauni la kanisani. Hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo afisa alimuuliza kwa Kiswahili.

"Ulimwambia yule msichana pole?"

"Nilimwambia. Ningemwambia nini kingine?"

"Kama hukukosa, kwa nini ulimwambia pole?"

Mathe alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Aliangalia nyuso zao moja moja, na kicheko kikamkauka. Akamgeukia afisa, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kijana, wewe mama yako akifiwa na ng'ombe, humwambii pole? Kwani ni wewe umemuua?"

Afisa aliangalia meza. Niliona masikio yake yameiva, kwa hiyo najua alielewa. Meneja akamuuliza amesema nini. Afisa akatafsiri, kwa ufupi, kwamba anakubali alilisema neno hilo. Hiyo ndiyo iliyonikata maini, kuliko hata kufukuzwa kwenyewe. Kuna wakati hadi leo nikiwa nanyoa ndevu namkumbuka yule mtu anaangalia meza, na inabidi niweke wembe chini kwanza.

Mathe alipigwa kalamu siku hiyo hiyo. Habari ilifika kwenye mashine kabla yake, na bila mtu kusema lolote sehemu nzima ikasimama. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Nilikuwa sijawahi kusikia kiwanda kikiwa kimya mchana. Mimi, Kinyago, nilikuwa wa pili kuzima yangu, na kwa dakika chache niliamini, kabisa kabisa, kwamba kuna kitu tunaweza kufanya.

Aliyetuvunja ni yeye mwenyewe. Alitoka ofisini na kifurushi chake, akatukuta tumesimama, na badala ya kulia akawaka. "Nani amewaambia mgome? Mmeona walioko pale langoni? Mnataka jioni wawe ndani na nyinyi muwe nje?" Akatutukana, matusi ya kweli, akamshika kijana mmoja begani akamsukuma kuelekea mashine yake. "Washa. Una mtoto mchanga, wewe. Washa." Akawasha. Mwingine akawasha. Hata sauti ya mashine ilipojaa tena alikuwa bado anatukana, tukiona midomo tu. Kisha akatoka. Ilikuwa mchana, na hakusimama mlangoni.

Wiki iliyofuata afisa akaniita akaniambia nimeteuliwa kuwa msimamizi. Alisema wamenipenda kwa utulivu wangu na kwamba hawataki tena mambo ya hisia pale chini, yamewaletea hasara. Akanifundisha. Mtu akikuletea shida, usimwambie pole. Mwambie, nimeelewa, kisha mwelekeze ofisini. Nilimtazama nikafikiria kumrushia kiti. Nikafikiria pia macho ya mjomba, ambayo yalikuwa yameanza kushindwa na patasi, na watu wa langoni. Nikamwambia nimeelewa.

Basi ndivyo nilivyoongoza. Mama mmoja wa kazini alikuja kuniambia nyumba yao imeungua kule bondeni na wameokoa godoro tu, nikamwambia nimeelewa. Kijana akaniambia amepokea habari baba yake hasemi tena, nimeelewa. Niliona nyuso zao zikingoja neno lingine lifuate, nami nikiwa nimelibana kwa meno. Haikuchukua muda wakanipa jina jipya. Nilikuwa nikipita nasikia nyuma yangu, "Nimeelewa anakuja," kisha kimya. Hawakuwa wanacheka kama enzi za Kinyago.

Kazi nayo ilikufa polepole. Jumatatu watu wakawa wagonjwa kama sehemu nyingine. Boksi likiharibika lilifichwa katikati ya mengine, likagundulika kwa mteja. Mtu akiitwa nyumbani kwa msiba, kazi yake ililala pale pale, na jirani yake akaipita kama anavyopita mavi ya mbwa. Sikuwalaumu. Walipoondoka, mmoja baada ya mwingine, nafasi zao zilichukuliwa na vijana wapya kutoka langoni ambao hawakuwahi kumjua Mathe, na hao walikuwa na heshima zote. Waliona hivi ndivyo kazi ilivyo. Meneja alipouliza kwa nini sehemu yangu imeshuka, sikuwa na jibu la Kiingereza, na la Kiswahili hakuna aliyelitaka.

Ilikuwa zaidi ya mwaka kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumwona. Jumapili moja baada ya kanisa nikatembea mpaka Makongeni. Nilimkuta nje ya mlango wake, amekaa kwenye kigoda anachambua kunde za kuuza jioni. Alikuwa amekonda mabega. Nilitarajia anitukane kwa kuchelewa kuja, nilikuwa hata nimejiandaa kufurahia hayo matusi. Aliniambia karibu, akanisogezea kigoda kingine, akauliza watu wa kazini hawajambo. Alizungumza taratibu, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyolowa.

Baada ya chai ndipo aliponiambia kwamba alikwenda Pipeline kumwona yule msichana. Alipanda ngazi na kikapu cha ndizi. Kaka mtu alimkuta kwenye ngazi akamzuia asifike mlangoni. Akamwambia kampuni imeshawaeleza kila kitu, kwamba msimamizi alikiri kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba kosa ni lake. Mathe alimwita msichana kutoka pale pale kwenye ngazi, mara mbili. Mlango ulikuwa wazi kidogo na alimwona amekaa kitandani. Msichana hakuinuka. Mathe akaziacha ndizi kwenye ngazi akashuka.

Nilimwambia yale yote niliyotaka kumwambia kwa mwaka mzima. Kwamba afisa alijua, kwamba alipotosha makusudi, kwamba kifuniko kilirudishwa usiku kama mwizi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vikichambua.

"Mimi nimefikiri sana," akasema. "Siku ile nilikuwa ofisini. Ningeweza kuizima ile mashine kabla sijaenda. Mtu hawezi kusema pole mara zote zile kama moyo wake ni safi. Mdomo ulikuwa unajua."

Nikamwambia si kweli. Akatikisa kichwa kwa upole, vile mtu mzima anavyomtikisia mtoto asiyejua, na nikaona kwamba walikuwa wamemnyang'anya hata hilo. Kazi wangeichukua, sawa, kazi huchukuliwa kila siku. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye neno hilo lilimtoka bila kufikiri, kama pumzi, na sasa alikuwa amekaa nje ya mlango wake analichunguza lilitoka wapi. Nilitaka kulia, mimi, pale pale mbele ya majirani wanaoanika nguo. Neno likanitoka kabla sijalizuia, baada ya zaidi ya mwaka wa kulimeza.

"Pole, Mathe."

Mikono yake ikasimama. Aliniangalia usoni, bila hasira, bila hata chembe ya ule utani wake wa zamani.

"Kwani wewe umenikosea nini?"

Akaningoja, majani ya kunde yamejaa kiganjani, na nikaona kwamba alikuwa anataka kweli kujua.